Masale ya Kiwanja cha Rau

Wajukuu wangu wamefika umri wa kujenga, na kila mmoja akija kunisalimia anataja Shanty Town. Shanty Town, Shanty Town, kama vile Moshi nzima ni barabara moja yenye miti. Nawaambia, mimi nimezitembea sehemu za Moshi kwa miguu yangu, kwa viatu vya plastiki, kiwanja kwa kiwanja, na sikuwa napunga upepo. Nilikuwa namtafutia binti yangu mahali pa kukaa. Sikusoma sana, nimeishia darasa la nne, lakini ardhi naijua. Kwa hiyo naandika nilichokiona. Na kosa langu naliandika pia, maana lipo.

Kwanza jambo lenyewe. Sisi ni watu wa Mwika. Mume wangu alipoona nguvu zinamwisha aliita wanawe wa kiume na wazee wa ukoo, akagawa kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake. Kijana wa kwanza akapewa upande wa juu, kwenye mfereji. Wa mwisho akaachiwa nyumba yetu pamoja na mimi mama yake, ndivyo ilivyo kwetu. Binti yetu, ambaye ni wa pili kuzaliwa, hakutajwa. Kwetu mtoto wa kike anategemewa aolewe, apate kihamba cha mumewe. Huyu hakuolewa, na kwa nini hakuolewa si swali la mtu kuuliza. Siku ile ya kugawa nilikuwa nachota mbege, pombe yetu ya ndizi, nawapelekea wazee. Nilisikia kila neno. Sikufungua mdomo. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, amekunja mikono. Aliniangalia mimi. Baba yake hakumwangalia.

Wakati huo alikuwa na kazi kiwandani mjini. Baadaye viwanda vikaanza kuuzwa, watu wakapunguzwa, naye akapunguzwa. Wenzake wengine walikaa wakilia mwaka mzima. Huyu alinunua cherehani, akaiweka kwenye baraza la duka moja karibu na soko kuu, akashona sare za shule na mapazia ya watu waliokuwa wanajenga. Miaka hiyo ya tisini kila mtu alikuwa anajenga. Naye akajiwekea kidogo kidogo mpaka akaona anaweza kununua kiwanja. Jumapili moja akapanda basi akaja Mwika, akanikuta nimetoka ibadani.

"Mama, nataka kununua mahali. Nataka uje uangalie na wewe."

"Mimi najua nini cha mjini?"

"Unajua ardhi. Sitaki ninunue halafu mseme nimenunua vibaya."

Nikaelewa anachotaka. Alitaka mahali pake, ambapo hakuna kaka wa kumwambia sogea. Hata siku akifa, asiombewe kona kwenye migomba ya ndugu zake. Hayo hakuyasema, lakini mimi si mtoto. Nikamwambia nitashuka kila Jumamosi mpaka tupate.

Tulianzia Majengo, maana alipanga chumba hapo. Nilikuwa nimefundishwa kuiogopa Majengo. Tangu nikiwa msichana nilisikia huko ni kelele na uhuni. Basi niseme kweli. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, korido katikati, ua nyuma wenye bomba moja, na sijaona ua uliofagiwa vile hata kwa mchungaji. Wapangaji walikuwa na zamu ya kufagia na zamu ya choo. Aliyezisimamia zamu hizo ni bibi mwenye nyumba, Mwislamu wa umri wangu, ambaye hakuhitaji kuinuka kwenye mkeka wake. Aliita jina mara moja tu, ufagio ukasikika. Aliponiona aliniita na mimi.

"Mama wa fundi! Karibu mkekani. Huko juu mnakula nini, mbona umekonda hivi?"

"Ndizi."

"Ndizi asubuhi, ndizi mchana?"

"Na jioni."

"Pole, mwenzangu. Kaa hapa nikupe wali."

Akanipa wali wa nazi na maharage, nikala nikamaliza, nikaongezwa. Hapo jirani anajua kama umekula au hujala. Mpangaji akiumwa, wenzake wameshamfikisha hospitali ya Mawenzi kabla ndugu zake hawajapata habari. Mtu anayetaka watu, akae Majengo, nami nitamuunga mkono. Lakini chumba ni chumba. Ukuta wa kushoto si wako na wa kulia si wako, na hakuna pa kuotesha hata mchicha. Binti yangu alikuwa na mche wa mgomba ndani ya kopo la rangi, dirishani. Mgomba kwenye kopo! Niliuangalia, nikaangalia pembeni.

Jumamosi iliyofuata akanipeleka hiyo Shanty Town yenu. Mama mmoja aliyekuwa akishonewa mapazia alikuwa na nyumba ndogo ya uani, akasema anaweza hata kumkatia kipande cha nyuma akakinunua. Nisifu panapostahili. Barabara za kule zina miti mikubwa pande zote mbili, matawi yanakutana juu, unatembea kivulini kama uko ndani ya shamba la kahawa lililotunzwa. Ni baridi, ni kimya. Mlima unauona wote, Kibo na Mawenzi, kuliko sisi tunaoishi juu yake, maana sisi migomba inatuziba. Nyumba zimekaa mbalimbali na kila moja ina uwanja wa majani.

Na hayo majani ndiyo yaliyoniponza. Tulimkuta mtunza bustani amefyeka uwanja mzima, majani mabichi, laini, amerundika pembeni. Kwetu ng'ombe anakaa bandani, na mwanamke ndiye anayeteremka mpaka tambarare kumtafutia majani, halafu anapanda nayo kichwani mlima wote ule. Nikamuuliza yule mtu, "Haya unayapeleka wapi?"

"Natupa, mama."

Natupa! Nikafungua kanga yangu ya juu, nikaitandika, nikaanza kufunga mzigo.

"Mama," binti yangu akaninong'oneza, "tumekuja kuangalia nyumba au kukata majani?"

"Nyumba nimeiona. Shika upande huo, kaza."

"Mwenyewe anatuangalia dirishani."

"Aangalie. Kwani ni wizi?"

Nikabeba mpaka stendi. Konda akataka mzigo ulipiwe kama mtu mzima, tukabishana mpaka abiria wakamwambia aniache. Ng'ombe alikamuliwa vizuri siku mbili.

Lakini kule Shanty Town tulitembea barabara tatu, na waliotusalimia walikuwa mbwa. Nikamwambia binti yangu, hapa utakuwa mtu wa uani maisha yako yote, hata kuku utafuga kwa ruhusa. Akakubali. Naona hata yeye alishaliona hilo, alitaka tu nilione mwenyewe.

Soweto nayo tulikwenda. Soweto ni nzuri, sina neno. Nyumba mpya zimepangwa kwenye mstari, uzio wa michongoma umekatwa kwa mkasi, bomba linatoa maji. Waalimu, manesi, watu wa maofisini. Ukisimama njiani unasikia Kimachame huku, Kirombo kule, mtu wa Kibosho anamgombeza mtoto katikati, kama mlima wote umeteremshwa ukapangwa. Ila viwanja vilikuwa vimekwisha, na vilivyobaki vilikuwa vya wenye mifuko mirefu kuliko fundi cherehani. Pasua tulikwenda mara moja. Jua la Pasua si la mchezo, na vumbi unalitafuna. Ila niliwavulia kofia wale watu. Kila baada ya hatua kumi kuna mtu anafyatua matofali ya nyumba yake mwenyewe, mume anachota udongo, mke anamwaga maji, na wanacheka. Kama ningekuwa kijana ningekaa na watu wale. Lakini mgomba usingekaa.

Halafu tukafika Rau.

Huko sikuwa na la kutafuta tena. Maji yanatiririka yenyewe, kuna msitu wenye miti ambayo watu watano hawaizungushii mikono, kuna mashamba ya mpunga, na udongo ni mweusi, ukiuminya unabaki na umbo la kiganja. Niliuminya. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuja Moshi zamani kufanya kazi ya reli kutoka upande wa Tabora, alikuwa anauza nusu ya uwanja wake. Bei ilikuwa ya binti yangu kabisa. Mzee mwenyewe mpole, anaongea taratibu. Mke wake hatukumkuta, alikuwa amekwenda sokoni.

Binti yangu alianza kupima kwa hatua. Sijawahi kumwona vile. Alivua viatu. Akasimama mahali akasema hapa ni mlango. Akasimama pengine akasema, "Na hapa ni chumba chako, mama, ukishuka. Utapata jua la asubuhi." Mimi sikujua kama nimepangiwa chumba. Nikageuka niangalie hicho chumba changu, ndipo nikaona masale.

Kwa asiyejua: isale ni mmea wetu wa majani marefu ya kijani, unasimama wima, haukauki kiangazi wala masika. Kwetu lina kazi zake. Mpaka wa shamba unawekwa kwa masale, na hakuna wa kuling'oa. Mtu aliyekosa akitaka kusamehewa anampelekea isale yule aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa. Na pale wazee wetu walipolala, masale ndiyo yanayoonyesha. Haya ya Rau yalikuwa kichaka kizima, katikati ya uwanja, na jiwe pana limelazwa mbele yake.

"Mzee," nikamwuliza, "hapa amelala nani?"

"Wapi, mama?"

"Hapo kwenye masale."

"Hapana mtu hapo. Ni maua."

"Maua?"

"Maua tu. Mke wangu ameyaotesha."

"Na jiwe?"

"Jiwe ni jiwe, mama."

"Jiwe halikujileta lenyewe."

Mzee akacheka kwa upole. "Mama, nimekaa hapa miaka mingi. Kama kungekuwa na maiti uani kwangu, si ningejua?"

Binti yangu akanishika mkono. "Mama, si amesema ni maua?"

"Muuzaji atakwambia kuna kaburi? Hakuna Mchagga anayeotesha isale katikati ya uwanja lipendeze. Yeye amenunua kwa mtu, na huyo mtu alimwacha wake hapa. Sitalala juu ya mtu, na wewe hutalala."

"Mama..."

"Nimemaliza."

Akavaa viatu. Njia nzima mpaka stendi alisema neno moja tu, "Sawa." Mimi nikapanda basi nikiwa nimeridhika kabisa. Nilijiona nimemwokoa. Wiki mbili hazikupita kiwanja kikauzwa kwa mtu mwingine. Jumamosi iliyofuata binti yangu akaniletea habari kwa konda kwamba nisishuke, ana sare nyingi. Na ya pili, sare. Na ya tatu. Nikajua sare ni nini.

Ikapita miezi. Mazao ya kahawa yakachumwa, yakaisha. Siku moja akina mama wa kanisa letu tulialikwa na wenzetu wa Rau, na baada ya ibada na chai miguu yangu ikanipeleka pale. Sijui nilitaka kuona nini. Nilikuta msingi umechimbwa. Umepita pale pale penye masale, na masale yametupwa kwenye lundo la udongo, mizizi juu. Na upande wa pili wa uwanja, kivulini, mama mmoja mnene amechuchumaa anafua nguo juu ya jiwe. Jiwe lile lile pana.

Nikamwamkia. Nikasema, "Samahani, mama. Jiwe hili si lilikuwa pale kwenye masale?"

"Lilikuwa pale, palikuwa na kivuli cha kufulia. Nikalihamisha walipoanza kuchimba." Akaniangalia vizuri. "Ngoja. Wewe ndiye uliyemwambia mume wangu amezika mtu?"

Akacheka mpaka povu likamrukia usoni.

"Mama weee! Tumecheka hapa! Siku hizi akichelewa kuamka namwambia, amka, nisije nikakuoteshea maua!"

"Masale uliyatoa wapi?"

"Niliyaona kwenye mpaka wa jirani, yamesimama vizuri, mwaka mzima ya kijani. Nikaiba kijiti nikachomeka. Kwetu hayapo hayo."

Niliusogelea msingi, nikainama nikachungulia ndani toka mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa umekwenda chini mpaka kiunoni. Udongo mweusi, mzuri. Hata mfupa wa kuku haukuwemo. Udongo ule ndio binti yangu alivua viatu juu yake.

Kuna mambo mtu anayaweka pembeni miaka mingi akidhani yameoza. Nilisimama pale kwenye ule msingi wa watu, na nilichokiona ni mlango wa jiko langu Mwika, na binti yangu amekunja mikono. Mara ya kwanza nilinyamaza, akakosa ardhi. Mara ya pili nikafungua mdomo, akakosa tena.

Nikamwambia yule mama, "Naomba kijiti kimoja kwenye yale yaliyotupwa."

"Chukua yote!"

"Kimoja kinatosha."

Nikatembea kwa miguu mpaka mjini. Nilimkuta binti yangu kwenye baraza lake, mguu kwenye cherehani, wateja wawili wamekaa kwenye benchi. "Shikamoo, mama," akasema bila kuacha kushona. Nikaitikia marahaba. Nikamnyooshea lile isale.

Cherehani ikasimama. Wale wateja walikuwa watu wa mlimani, mmoja akainamisha macho mara moja.

"Mama," binti yangu akasema polepole, "mzazi haleti isale kwa mtoto."

"Pokea. Mkono unachoka."

"La nini?"

"La Rau. Yalikuwa maua. Jiwe lilikuwa la kufulia." Nikavuta pumzi. "Na la siku ile ya mbege. Ningeweza kusema neno, sikusema."

Aliinuka, akafuta mikono kwenye gauni, akalipokea kwa mikono miwili kama anavyotakiwa mtu kulipokea. Akaliweka juu ya meza ya cherehani, kati ya nyuzi. Halafu akageuka upande wa ukutani kidogo, akakaa hivyo. Mimi niliwaangalia wapita njia. Aliponigeukia tena uso wake ulikuwa mkavu.

"Mama, nimeshanunua."

"Wapi?"

"Msaranga. Mwezi uliopita."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungemkuta mtu mwingine amelala."

Mteja mmoja akakohoa. Mimi nilicheka, na mimi si mtu wa kucheka barabarani. Akafunika cherehani, akalichukua lile isale, akawaambia wale wateja warudi Jumatatu, tukaenda.

Msaranga ni juu ya soko la Kiboriloni, na naiandika mwisho kwa sababu naipenda. Udongo wake haufiki ule wa Rau, nisidanganye mtu. Lakini mgomba unakaa. Basi la Mwika linapita barabarani pale chini, unaweza kumpa konda mkungu wa ndizi juu kule na ukapokewa huku kabla haujapata moto. Soko liko karibu, maharage, mitumba, vitunguu, kila kitu unatembea tu. Na kabla hatujafika kwenye kiwanja tulisalimiwa na watu sita. Niliwahesabu.

Kiwanja chenyewe kidogo, kimelala kwenye mteremko. Katikati yake nikaona ule mgomba wa kopo la rangi. Ulikuwa umeshashuka ardhini, umetoa majani manne makubwa. Nikauzunguka. Nikazunguka na kiwanja chote, macho chini.

"Unatafuta nini, mama?"

"Mawe."

"Mama!"

"Natania."

Kwetu mpaka unaoteshwa na wanaume wa ukoo, na jirani anasimama kama shahidi. Hapakuwa na mwanaume wa ukoo. Nikamwita jirani, mama muuza vitunguu, akaja na mtoto mgongoni akasimama palipotakiwa asimame. Sikulishika lile isale. Binti yangu ndiye aliyechimba kwa jembe, kwenye pembe ya juu, akalisimamisha, akashindilia kwa mguu. Mimi nilimshikia ndoo ya maji.

Nyumba ilijengwa taratibu, chumba baada ya chumba, na changu kinapata jua la asubuhi. Krismasi ya kwanza kaka yake mkubwa, yule mwenye upande wa mfereji, alikuja na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, begani akikata njia kwa juu ili afike haraka. Nilikuwa nimekaa mlangoni namwona. Akafika kwenye ile pembe, akaliona isale, akasimama. Hakuna aliyemwambia kitu. Alirudi nyuma hatua mbili, akazunguka kiwanja chote na ule mzigo begani, akaja mpaka mbele ya nyumba, akapiga hodi.

"Karibu," binti yangu akamjibu kutoka ndani. "Karibu kwangu."